Ngurumo Iliyosikika Mara Mbili

Mwanvua hakwenda mtaa wa Nyakabiga kumshtaki mtu. Alikwenda kwa sababu hakujua kama bado alikuwa na mume.

Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, amekaa ukingoni mwa kiti katika chumba ambacho Dative alikigeuza ofisi baada ya kuacha upelelezi wa polisi. Watu walimletea Dative mambo ambayo polisi hawayafungulii jalada: ndugu aliyehama bila kuaga, picha iliyosambazwa, simu inayopigwa kisha ikanyamaza. Huyu alimletea kompyuta mpakato, ameizungushia kitenge kama mtoto mwenye homa.

Kisa chake kilikuwa hivi. Mumewe, Huseni, aliondoka Buyenzi, mtaa wao wa Bujumbura, miaka minne nyuma kwenda Omani kuendesha lori la maji. Mshahara wa kwanza ulipotulia akamtumia mkewe kompyuta hii, ili waonane kwa uso mpana na si kwa kidirisha cha simu. Tangu hapo, kila baada ya sala ya alasiri, Mwanvua alioga, akajipaka manukato ambayo mwenzake asingeyanusa, akaifungua mezani na kungoja. Huseni alipiga. Waliongea. Kisha simu ikakatika. Mwanzoni ilikatika mara moja moja, lakini masika hii ilikatika karibu kila siku, na Huseni aliyezoea kuulaumu mtandao wa Bujumbura akaanza kulaumu kidogo na kunyamaza sana.

Wiki iliyopita aliinamisha macho. Halafu akasema, "Mwanvua, kuanzia leo we..." Uso ukaganda, skrini ikawa nyeusi.

Baada ya hapo alipiga tena, lakini kwa salamu tu. Mwanvua alipomuuliza alitaka kusema nini siku ile, simu ikakatika upya. Alikwenda kwa shehe. Shehe alimjibu kwamba hawezi kutoa hukumu juu ya neno ambalo halikusikika, akamuulize aliyelisema.

"Sitaki unitafutie mutu, madamu," alisema. "Nataka rezo ya intaneti ikae, amalize kusema. Kama ni talaka, niisikie yote."

Dative aliuliza ni nani mwingine anayeugusa mtandao wa nyumba ile. Mwanvua akasita kabla ya kumtaja shemeji yake, Khaled, mdogo wa Huseni, mtunza bohari kwenye Zone Industrielle, eneo la viwanda. Walikaa ua mmoja. Ruta ilikuwa chumbani kwa Khaled, na ni yeye aliyeilipia. Zamani alikuwa mcheshi, siku hizi hamtazami machoni. Na kila simu inapokatika, Mwanvua akiinua kichwa humkuta amesimama mlangoni pake, kama aliyekuwa akingoja jambo hilo litokee. Majirani walikwisha kunong'ona kwamba mdogo mtu anamtaka mke wa kaka yake.

Dative aliifungua kompyuta, akaifunga, akasema atakuja nyumbani.

Khaled aliwapokea uani akiwa bado na vumbi la bohari kwenye shati. Alijibu maswali kwa ufupi. Nani anajua neno la siri la waifai? Yeye na shemeji yake. Aliwahi kumfungia shemeji yake mtandao? Apana. Aliwahi kuizima ruta wakati Huseni yuko hewani? Apana. Hakuuliza kwa nini anaulizwa, na hilo Dative alilishika. Mtu asiye na la kuficha huwa wa kwanza kutaka kujua anatuhumiwa nini.

Lakini Dative alikuwa na kawaida ya kukiuliza kifaa kabla ya kumbana binadamu. Aliweka kompyuta yake kando ya ile ya Mwanvua, zote mbili kwenye ruta moja, akafungua kurasa zilezile na kuziacha. Yake ilikaa imara. Ya Mwanvua ilianguka kutoka mtandaoni, ikajiunga tena, ikaanguka. Akaibeba hadi karibu na mlango wa Khaled, hatua chache kutoka kwenye ruta, na huko pia ikaanguka. Basi haikuwa umbali wala kuta. Aliinua skrini polepole, ikaanguka palepale. Akairudisha nyuma kidogo, ikajiunga.

Akaigeuza. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimechubuka. Mwanvua akakumbuka kwamba chai iliwahi kumwagika na fundi mmoja wa jirani akabadilisha vibonye. Dative aliomba bisibisi, akafungua mgongo wa kompyuta juu ya mkeka, akaonesha kwa kidole kadi ndogo ya waifai na nyaya mbili nyembamba kama uzi wa kushonea, moja nyeusi na moja nyeupe, zinazotoka kingoni mwa skrini kuleta mawimbi. Nyeusi ilikuwa imekaa. Nyeupe ilikuwa imechomoka kwenye kishikio chake na kulala juu yake kwa bahati tu, ikigusa na kuachia kila skrini iliposogezwa. Aliikandamiza mpaka ikalia kama ukucha unaokatwa. Alipofunga, akaingia kwenye mipangilio na kukuta kompyuta imeruhusiwa kuilaza kadi ile ili kubana matumizi ya betri. Akaiondoa ruhusa hiyo.

Kisha akamwomba Khaled ruta ihamie kwenye rafu ya Mwanvua, mbele ya macho yao wote. Alitegemea kisingizio. Khaled aliichomoa, akaileta mwenyewe, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati. Jambo hilo lilimsumbua Dative njia nzima ya kurudi Nyakabiga. Mtu anayekata simu za watu hatoi kisu chake kirahisi hivyo.

Siku zilizofuata kompyuta haikuanguka hata mara moja. Mwanvua alisikiliza kisomo cha Kurani kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa. Huseni alipiga mara mbili, jua likiwaka, wakaongea mpaka maneno yakaisha. Lakini kila Mwanvua alipoikaribia ile sentensi, Huseni aliihepa.

Siku ya tatu Dative alikuwepo. Alikaa pembeni, nje ya macho ya kamera, na kompyuta yake magotini. Ilikuwa ikituma ujumbe mdogo kwenye ruta na mwingine ng'ambo, mbali, kila sekunde, na kuonesha kila jibu linaporudi. Kompyuta ya Mwanvua ilifanya vivyo hivyo nyuma ya uso wa Huseni. Upepo ukavuma. Mawingu yalikuwa yamepanda kutoka ziwani bila wao kuyaangalia, na matone ya kwanza yakapiga bati. Simu ikakatika.

Khaled alikuwa mlangoni pake.

Dative hakumtazama. Alitazama taa ya dari, ilikuwa inawaka. Alitazama ruta, taa zake zote zilikuwa mahali pake. Akatazama majibu kwenye kompyuta zote mbili. Yalikuwa yanarudi moja baada ya jingine, hakuna hata moja lililochelewa.

"Simu haikuanguka, dada," alisema. "Imekatwa. Na aliyeikata si mutu wa humu ndani."

Mwanvua alielewa haraka kuliko Dative alivyotaka. Alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. Akasema kwamba basi hilo ndilo jibu la Huseni, na kwamba afadhali angelimwambia kwa mdomo.

Dative alimwomba asifunge hesabu mapema. Mwanamume aliyemchoka mkewe hampigii kila siku. Kisha akamuuliza akumbuke vizuri: zamani simu ilikatika wakati gani? Mwanvua akasema ilikatika wakati wowote, kiangazi na masika. Na mvua inyeshapo? Hapo haikupona kamwe. Ndiyo maana kila mtu ukooni alisema ni mvua inayoharibu mtandao. Dative akamweleza kwamba mgonjwa wao alikuwa na maradhi mawili. Waya uliochomoka ulikata simu ovyo, na nyuma ya ovyo hiyo mtu mwingine alipata pa kujificha. Sasa waya umepona, mtu yule amebaki uwanjani peke yake, na mtu yule anakata mvua ikija. Swali lilikuwa moja tu: dereva aliye Omani ana habari gani na mvua ya Buyenzi?

Walingoja siku nyingine yenye mawingu. Haikuchelewa. Saa za alasiri joto lilikuwa zito, watu wa barabarani wameacha hata kubishana. Dative alichomeka kipokea sauti chenye waya. Akaweka upande mmoja sikioni mwake na kumpa Mwanvua upande wa pili, wakakaa bega kwa bega, Dative nje ya picha.

Huseni alitokea. Uso wake ulikuwa mwembamba, ndevu zimepunguzwa vizuri, na nyuma yake kulikuwa na shuka jeupe lililotundikwa, lilelile la siku zote. Alimuuliza mkewe kama bado anaweka iliki nyingi kwenye chai. Alimuuliza kama mlango wa jikoni bado unagoma kufunga. Aliuliza mambo madogo madogo ya nyumba ile kama mtu anayepapasa gizani kutafuta swichi, na Mwanvua akamjibu yote, taratibu, mpaka akafika alipokusudia.

"Huseni. Siku ile ulitaka kusemaje?"

Huseni aliinamisha kichwa. Hapo, sikioni mwa Dative, ngurumo ikabingirika, nzito, ya karibu, pigo moja kubwa na jingine dogo nyuma yake kama pipa linaloshuka ngazi. Dative aligeukia dirishani. Nguo za Mwanvua zilikuwa zimening'inia kwenye kamba bila kutikisika. Juu ya Buyenzi hapakuwa na sauti. Huseni aliinua macho kutazama dari yake, kisha mkono wake ukaja mbele na skrini ikawa nyeusi.

Pumzi kadhaa zilipita. Ndipo ngurumo ikafika dirishani, imechoka kwa safari, kutoka upande wa kusini: pigo kubwa, na jingine dogo nyuma yake.

Mwanvua alitoa kile kidude sikioni, akakishika kiganjani.

"Omani hakuna mvua saa hizi," alisema. "Aliniambia mwenyewe."

Dative alimuuliza kama ukoo una watu upande wa kusini. Mwanvua akasema hakuna watu, kuna shamba tu la marehemu mama mkwe, kule Ruziba, lenye nyumba ya bati karibu na ziwa. Khaled analima mihogo huko. Huenda kila Jumapili na sufuria la chakula cha vibarua. Hapo Dative alimwona akirudi nyuma kwa mawazo peke yake, Jumapili baada ya Jumapili.

"Mi ndo nakipikaga," Mwanvua alisema. "Wali na samaki, mukeke. Khaled aliniambia vibarua wanaomba ndimu zaidi."

Khaled alikuwa amesimama tena mlangoni pake. Dative alitoka hadi uani, matone ya kwanza sasa yakianguka kweli, akamuuliza swali moja: Huseni alirudi lini? Khaled hakubisha. Alikaa kizingitini kama mtu aliyetua mzigo, akasema kaka yake alimwapisha asimwambie mtu.

Alirudi mwaka uliopita, alisema. Lori lilibiringika kwenye barabara ya mlimani. Walimkata mguu wa kulia juu ya goti, na vidole vya mkono wa kushoto havifungi. Wiki zile Mwanvua aliambiwa yuko jangwani kusiko na mtandao. Khaled alimpokea uwanja wa ndege, na walipofika njia panda ya Buyenzi Huseni akasema hawezi kuingia, ampeleke Ruziba kwanza, mpaka azoee magongo. Magongo aliyazoea. Uongo ndio uliokuwa umezeeka kiasi cha kutovunjika. Simu ilibaki na namba ya Omani, na shuka lilitundikwa ili mkewe asione ukuta wa udongo alioujua. Lakini hakuna shuka la kuzuia mvua isisikike kwenye bati. Kila simu ilipokatika Khaled alitoka mlangoni kuutazama uso wa shemeji yake, aone kama amegundua.

Mwanvua alisikia yote akiwa ndani. Hakulia. Alimwita Dative akamwambia kwamba kesho atakwenda naye hadi Ruziba, ila atabaki barabarani. Dative aingie kwanza aulize ile sentensi. Kama ilikuwa talaka, atarudi mjini na gari litakalowapeleka; hawezi kwenda kumsimamia juu ya kichwa mtu aliyemwacha.

Asubuhi Dative alimwacha dukani kando ya barabara, akashuka na Khaled, aliyesukuma pikipiki yake, kwa njia ya katikati ya mihogo. Ziwa lilikuwa limetulia, na wavuvi walikuwa wakianika ndagala juu ya mchanga. Ndani ya nyumba Huseni alikuwa amekaa kwenye kitanda chembamba cha kamba, simu imeegemezwa kwenye kikombe juu ya stuli mbele yake, shuka ukutani. Alimtazama mgeni, akamtazama mdogo wake, akauliza jambo moja tu, kama mkewe amejua. Dative akasema amejua.

Alivuta kigoda. Alijitambulisha, akamweleza waya mweupe, majibu yasiyokatika na ngurumo iliyosikika mara mbili. Huseni alisikiliza kama mtu anayesomewa shauri lake na kuona halina kosa. Kisha Dative akauliza.

"Siku ile ulisema, kuanzia leo we. Ungemalizaje?"

"Ningesema uko huru. Nilijizoeza tangu asubuhi."

"Ulisema?"

"Apana. Ngurumo ilikuja, nikakata."

"Halafu?"

Huseni alisugua vidole vyake visivyofunga. "Halafu nilishukuru Mungu. Nilishukuru sana, madamu. Nilikaa hapahapa nikashukuru kama mujinga."

Alimwomba Dative amsaidie. Amwambie Mwanvua kwamba ni mtandao, kwamba Omani kuna matatizo, amwache azoee polepole kutopigiwa simu, kisha aolewe na mtu mwenye miguu miwili. Dative akamjibu kwamba hakuajiriwa kumwoza mtu. Aliajiriwa ili mume amalize kusema. Na akamwambia mkewe yuko pale dukani, barabarani.

Huseni aliomba kanzu. Khaled alimvalisha, akaivuta hadi chini. Ilipokaa sawa, Huseni akauliza mkewe amevaa nini.

Dative alifikiri. "Kitenge cha kijani."

"Kijani," alisema Huseni. "Kwa simu naonaga kama buluu."

Dative alipanda hadi barabarani. Mwanvua alikuwa amesimama. Mwenye duka alimpa kiti naye hakukitumia. Dative alimpa taarifa yake yote kwa neno moja, "Hajakuacha," na Mwanvua akapita bila kungoja la pili, akishuka njia ya mihogo kwa mwendo ambao Dative hakuuweza.

Alipomfikia alimkuta amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Huseni alikuwa ameinua uso. Kwa muda walitazamana tu, kana kwamba kila mmoja anangoja mwenzake agande. Kisha Mwanvua akavuka, akakaa kitandani upande ule usio na mguu, kwa nguvu, kamba zikalia.

"Mwaka muzima nakupikia," alisema, "hata kuniambia chumvi imezidi hukuweza."

Huseni alijaribu kusema jambo kuhusu lori. Mwanvua alimwambia lori atalisikia baadaye, wana muda. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka paji la uso limegusa bega la kanzu, na alikuwa anavuta pumzi ndefu, za polepole, kama mtu anayenusa nguo iliyotoka sandukuni. Mkono wa Huseni ulio mzima ulipanda hewani, ukakaa hapo bila kujua pa kutua, halafu ukatua kwenye mtandio wake.

Dative alitoka. Khaled alikuwa ameegemea pikipiki, amejikunyata, akauliza kwa unyonge kama amngoje shemeji yake amrudishe mjini au aende bohari. Dative akasema hajui. Yeye kazi yake imekwisha. Alikuwa anatafuta miwani ya jua mkobani pale sauti ya Mwanvua ilipotoka ndani, kavu, yenye makamasi kidogo, sauti ya mwenye nyumba.

"Khaled. Hiki kitanda hakitoshi watu wawili. Enda ulete lile godoro kubwa la nyumbani."

Khaled alikitazama kiti cha pikipiki, akamtazama Dative, akauliza godoro hilo litakaaje pale. Dative akamwambia akodi gari.